Lango la Sumberwaru

Wenzangu, hasa ninyi mnaokwenda mkutanoni kutazama kucha zenu, sogeeni karibu. Kisa hiki ni chenu. Sikitoi kwa chuki. Watu nitakaowataja nimewauzia kahawa miaka nenda miaka rudi, na bado nawauzia. Nakisimulia kwa sababu nimechoka kusikia ukweli kibandani kwangu na ukimya ukumbini.

Kibanda changu kiko hapa Sumberwaru, ukingoni mwa mto, upande wa magharibi, pale lilipokuwa linaanzia daraja la mianzi. Upande huu ndiko kuliko na ukumbi, msikiti, shule na nyumba ya mkunga. Ng'ambo kuna nyumba chache tu, na moja ni ya Giyanto na mkewe Rumini, watengenezaji wa tempe, ile mikate ya soya iliyovundikwa. Kila alasiri nilivuka kuchukua tempe za kukaanga. Nilikuwa nikiwakuta barazani, sinia la soya iliyochemshwa katikati yao, wakiifunga kwenye majani ya mgomba tayari kuivundika. Giyanto alimpigia mluzi njiwa wake aliyekuwa kizimbani, na njiwa akamjibu. Rumini alimcheka mumewe kwamba anaongea na ndege kuliko anavyoongea na watu.

Mwaka ule alikuwa na mimba. Si mimba ya hivi hivi. Walikuwa wameoana muda mrefu, wamekunywa kila dawa ya mizizi, wamezuru kila kaburi la mcha Mungu, na watu walikuwa wameshaacha kuwauliza. Kisha tumbo likaja lenyewe, kimya kimya, na Rumini akawa anatembea taratibu kama aliyebeba maji kwenye sahani. Nilimpenda kama mdogo wangu. Aliniita Yu Temi, yaani dada, na mimi sina mdogo mwingine.

Furaha ile ilikuwa na jambo moja la kuitia doa, nalo ni daraja. Mianzi ilikuwa imeoza. Kila mwaka, kabla ya mvua, wanaume wa kijiji kizima hutoka kwa kazi ya pamoja wakabadilisha mianzi, na kila mwaka watu husema ipo siku tutajenga la zege. Mwaka ule habari zilienea kwamba fedha za kijiji zinatosha kazi moja kubwa, na kwamba Pak Lurah, mkuu wetu wa kijiji, ataitisha mkutano ili wananchi wenyewe waamue ni kazi gani. Wananchi wenyewe! Nilifurahi mpaka nikampa mteja kahawa ya bure.

Jioni ya kuamkia mkutano nilikuwa barazani kwao. Rumini alikuwa anafunga tempe bila kuinua macho.

"Kesho useme, Mas," alimwambia mumewe, akimwita kaka kama wake wa kwetu wanavyowaita waume zao. "Usimngoje mwingine. Mtoto huyu anakuja mvua zikiwa zimepamba moto, na mkunga yuko ng'ambo."

"Nitasema."

"Mwaka jana pia ulisema utasema."

"Mwaka jana hukuwa na tumbo," alijibu Giyanto, akacheka, na Rumini naye akacheka. Alimwamini. Mimi pia nilimwamini.

Basi kesho yake watu wakajaa ukumbini. Mnaujua utaratibu wetu. Wakubwa mbele, kwenye viti. Wanaume wengine mkekani, miguu wameikunja, na wa ng'ambo kama kawaida yao mlangoni karibu na viatu. Sisi wanawake tulikuwa jikoni nyuma ya ukuta wa mianzi iliyosukwa, tukichemsha chai na kupanga vitafunio kwenye maboksi: wali wa kunata uliofungwa kwenye jani, kipande cha tofu ya kukaanga, pilipili moja ya kijani ya kung'atia. Hakuna aliyetukataza kuingia ukumbini. Hakuna aliyetukaribisha pia. Kupitia ukuta ule tulisikia kila neno, na kupitia matundu yake tuliona nusu ya kila uso.

Karani wa kijiji, Pak Wiryono, alifungua mkutano kwa hotuba ndefu ya shukrani kwa kila mtu aliyehudhuria na hata kwa wasiohudhuria. Kisha Pak Lurah akasimama. Huyu ni mwalimu mstaafu, mpole, mtu ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti. Ni yeye aliyekwenda kumposea Giyanto mke, kwa kuwa Giyanto ni yatima na hakuwa na mzee wa kumtuma. Likumbukeni hilo kabla hamjamhukumu kijana wa watu.

"Nimesikia wengi wenu mnatamani tuwe na lango zuri pale barabara kuu inapoingia kijijini, kama wenzetu wa Karangsono," Pak Lurah alisema. "Sijui mnaonaje."

Nilimtazama Rumini. Alikuwa ameshika sinia la glasi amelikaza kwa vidole vyote.

Ukumbini, kimya. Mmoja akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Mwingine akatafuta kitu mfukoni. Pak Lurah alisubiri, nami nashuhudia kwamba alisubiri kwa haki kabisa, akiwatazama mmoja mmoja. Kila aliyetazamwa aliinamisha kichwa kwa adabu.

Kisha mlangoni mtu akakohoa. Alikuwa Giyanto.

"Naam, Mas Gi?" Pak Lurah aliuliza, tena kwa upole. "Una neno?"

Jikoni hata Bu Lurah, mke wa mkuu, aliacha kupanga maboksi. Giyanto alifungua kinywa. Nilimwona akimtazama mzee aliyemposea mke, kisha akawatazama wenzake wote walioinamisha vichwa.

"Hapana, Pak," alisema. "Mimi nafuata tu."

Kama vile walikuwa wanalingojea neno hilo, ukumbi mzima ukaitikia nggih, ile ndiyo yetu ya heshima. Imamu akaombwa afunge kwa dua. Na kwetu, jambo likishasomewa dua, limefungwa. Kulifungua tena ni kumvunjia heshima aliyeomba, aliyeongoza na aliyeitikia amina. Watu wakapokea maboksi yao, wakatafuta viatu vyao, wakatawanyika.

Rumini aliweka sinia chini polepole. "Yu," aliniuliza, "umesikia anafuata? Anamfuata nani?"

Nikalichukua lile sinia, nikaenda kukusanya glasi.

Kesho yake asubuhi kibanda kilijaa, na hapo ndipo mkutano wenyewe ulipofanyika. Midomo ilikuwa imefunguka! Huyu alisema lango ni upuuzi, haliliwi wala halivukwi. Yule akasema angekuwa yeye angejenga mfereji. Wa ng'ambo wakasema daraja, daraja, daraja. Pak Tukiran, dereva mstaafu mwenye mzaha kuliko wote, akauliza kama lango litakuwa na kengele, maana kijiji chenyewe hakina hata ukuta. Watu wakacheka mpaka kahawa ikawapalia.

Nikaweka birika chini. "Nani basi aliyelitaka hilo lango?"

"Wengine," akajibu mmoja.

"Wengine gani? Mko hapa wote."

Wakacheka tena, wakidhani nami natania. Sikuwa natania. Nilimfuata Bu Lurah nyumbani kwake siku hiyo hiyo nikamweleza habari ya daraja na ya Rumini. Alinisikiliza vizuri, akanishika mkono, akasema mambo ya mkutano wayaseme wanaume mkutanoni, yeye akiyapeleka chumbani itaonekana anamtawala mumewe. Nikarudi nilikotoka.

Giyanto naye hakulala usingizi. Rumini alimsema usiku kucha, na asubuhi Giyanto akapiga moyo konde kwenda kumwona Pak Lurah faragha. Alibeba mkungu wa ndizi. Habari za ziara ile alinisimulia mwenyewe, akiwa ameshika glasi ya kahawa asiyoinywa, na nitawasimulia kama alivyosema.

Alikaribishwa, akaketi. Kwa adabu zetu huwezi kumwingilia mkubwa moja kwa moja na haja yako, lazima uizunguke. Basi akaizunguka. Akawasifu bata wa Pak Lurah, na Pak Lurah anawapenda bata wake kupita kiasi, wakazungumza habari za bata. Kisha Giyanto akasema mto mwaka huu unaonekana utakuwa na nguvu. Pak Lurah akasema alhamdulillahi, mashamba yatanywa. Giyanto akasema Rumini naye siku zake zinakaribia. Pak Lurah akasema alhamdulillahi, atamwambia Bu Lurah aanze kutafuta nguo za mtoto. Baada ya hapo Giyanto akaona ameshasema vya kutosha, mzee mwenye akili ataelewa. Akaaga. Akapewa mayai ya bata ya kupeleka nyumbani.

Rumini aliyatazama yale mayai. Alicheka kwanza, kisha akalia. "Ulikwenda kuomba daraja, Mas, ukarudi na mayai."

Akasema atakwenda mwenyewe, na atasema neno moja tu, daraja, kisha atarudi. Giyanto akamzuia. Watu watasema Giyanto anasemewa na mke, alisema, na Pak Lurah ataona tunamdai baada ya wema wote aliotufanyia. Rumini akanyamaza. Na hapo, wenzangu, huwa nakasirika hata leo ninaposimulia. Ningekuwa na uwezo ningewashika wote wawili masikio, niwavushe mto, niwaketishe mbele ya yule mzee na kufunga mlango.

Ujenzi ukaanza. Ile kazi ya pamoja, ambayo kila mwaka ilikuwa ya kubadilisha mianzi ya daraja, mwaka ule ikahamia barabarani kwenye lango. Jumapili baada ya Jumapili wanaume wakachota mchanga na kukoroga zege. Nilimwona Giyanto kwa macho yangu akibeba ndoo za saruji, tena kwa bidii kuliko wengine, kama mtu anayetoa kafara. Wa ng'ambo walipouliza, shingo upande na kwa sauti ya chini, daraja litashughulikiwa lini, karani aliwajibu lango likishapakwa rangi. Na wao wakasema nggih.

Lango likasimama. Siwezi kusema ni baya. Nguzo mbili nene, paa la vigae vyekundu, simba wawili wa saruji wenye macho ya mtu aliyekanyaga mwiba, na maandishi ya dhahabu ya kukaribisha wageni. Tulilizindua kwa wali wa manjano na kuku. Rumini hakuja. Tumbo lilikuwa limeshamlemea, na alisema anaogopa kuvuka, mianzi inalia chini ya miguu.

Mvua zikaja na nguvu zake zote. Siku ninayoisema haikunyesha kwetu asubuhi, ilinyesha mlimani. Nilikuwa napanga vitafunio vyangu niliposikia mto umebadilika sauti. Nilitoka nje. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanashuka na magogo, na kila gogo liligonga nguzo za daraja. Nikapiga kelele watu wasivuke. Kisha nguzo ya katikati ikaondoka, na daraja lote likaifuata. Halikutoa hata mshindo. Kilichobaki ni kamba mbili zikichezacheza majini.

Haukupita muda, nikamwona Giyanto ukingo wa pili. Alikuwa anapunga mikono yote miwili na kupaza sauti. Mtu yule, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alikuwa anapiga ukelele mpaka mishipa ya shingo inamtoka, na mto ulikuwa unammeza kila neno. Sikuhitaji kusikia. Nilikimbia kumwita Bu Wulandari, mkunga.

Alikuja na mkoba wake na mwavuli. Akasimama pale pale daraja lilipokuwa linaanzia. Kati yake na mgonjwa wake pangeweza kurushwa embe likafika, na bado alikuwa mbali naye kuliko mji mkuu. Mvua sasa ilikuwa imetufikia na sisi. Bu Wulandari alionyesha kwa mkono, kule juu, zungukeni. Giyanto akaelewa, akageuka, akakimbia.

Njia ya kuzunguka hupanda kwenye matuta ya mashamba ya mpunga hadi Karangsono, kijiji jirani, huvuka daraja la zege la wenzetu, kisha hurudi kwa barabara kuu. Mtu mzima mkavu huimaliza akiwa amechoka. Wao walimbeba Rumini kwa sarongi iliyofungwa kwenye mwanzi, Giyanto mbele, majirani wakipokezana nyuma, wakiteleza na kuanguka na kunyanyuka. Kule Karangsono walipata gari dogo la kubebea mboga. Nasi upande wetu, mimi na mkunga na wengine waliosikia, tukaenda kuwapokea barabarani.

Walipofika mlangoni mwa kijiji Rumini alimshika mumewe kifua akasema hawezi tena. Mvua ilikuwa inapiga kama mawe. Palikuwa na mahali pamoja tu penye paa. Tukamteremsha, tukamlaza chini ya lango, juu ya makuti na magunia ya mboga, baina ya wale simba. Wanawake tukanyoosha kanga zetu kuwa ukuta.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa na nywele nyingi na vidole virefu vya baba yake. Bu Wulandari alimsugua, alimpulizia, alimgeuza, alimsugua tena. Alisema kamba ya kitovu ilimbana kwa muda mrefu mno, na kwamba kama angemfikia mapema kidogo angeweza kumwokoa. Kisha akamfunika mtoto kwa kanga. Rumini tulimwokoa, ila kwa shida kubwa. Yeye alikuwa anauliza kitu kimoja tu, mbona halii.

Giyanto alimzika mwanawe kesho yake kwenye mvua ya manyunyu. Kijiji kizima kilikuja. Walisimama wameinamisha vichwa, kama vile walivyoinamisha ukumbini.

Baada ya matanga Pak Lurah akaitisha mkutano. Alikuwa amekonda na kuzeeka kwa ghafla. Hakuruhusu hotuba za shukrani. Alisimama mbele ya watu.

"Nataka nijue," alisema. "Mimi lango lile sikulitaka. Niliona ni hasara. Nilijizuia kulipinga kwa sababu nilidhani ninyi ndio mnaolitaka. Kwa nini hakuna aliyeniambia habari ya daraja?"

Jikoni tulitazamana. Bu Lurah alijifunika uso kwa ukingo wa kitambaa chake.

Mtu mmoja akauliza, kwa sauti ya chini huku akijikuna kichwa, Pak Lurah aliambiwa na nani kwamba watu wanataka lango. Pak Lurah akamtazama karani. Karani Wiryono akasema yeye hakutunga, ila alisikia kutoka kwa Pak Tukiran kwamba kibandani watu wanalizungumzia. Macho yote yakamgeukia Pak Tukiran. Yule mzee wa mizaha akainua mikono.

"Nilikuwa natania," alisema. "Wageni wa harusi walipotea njia, nikasema tukiwa na lango kama la Karangsono hawatapotea. Yu Temi alikuwepo. Watu walicheka. Wallahi nilikuwa natania."

Ni kweli nilikuwepo, na ni kweli tulicheka. Fedha zote zile, Jumapili zote zile, zilizaliwa na mzaha wa mtu anayengoja kahawa ipoe. Mzaha ule ulipita kwa watu watatu, na kila aliyeupokea aliuvisha heshima zaidi, mpaka ulipofika ukumbini ulikuwa umekuwa matakwa ya wananchi.

Hapo Giyanto akanyanyuka mlangoni. Hakukohoa.

"Mimi nilikuja kwako, Pak," alisema. "Nilikuja kwa ajili ya daraja. Nikakuambia mto utakuwa na nguvu. Nikakuambia siku za mke wangu zimekaribia."

Pak Lurah alimgeukia. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta. "Mwanangu," alisema, "mimi nilidhani umekuja kwa ajili ya bata."

Hakuna aliyecheka. Ningetoa kibanda changu na kila kilichomo ili siku ile ya ziara mmoja wao angekuwa na adabu pungufu kidogo.

Imamu akaona aokoe hali. Akapendekeza basi tukubaliane, kazi itakayofuata iwe daraja la zege, na tulisomee dua. Pak Lurah akauliza kama kuna mwenye neno. Na mtaniamini? Ukumbi mzima ukaitikia nggih, kwa sauti moja, vichwa chini.

Ndipo Rumini alipotoka jikoni. Hakuwa amebeba sinia. Alipita katikati ya mikeka, bado hatua zake ni za mgonjwa, akaketi mkekani mbele ya viti vya wakubwa, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kuketi, na hakuna mwanamume wa ng'ambo pia.

"Msisome dua bado," alisema. "Hata kwa lango mliitikia hivyo hivyo. Leo kila mtu aseme kwa kinywa chake anachotaka na asichotaka, na jikoni nao watoke waseme. Mimi nitaanza. Nilitaka daraja. Nilimwambia mume wangu, nikamwambia Yu Temi, nikaziambia tempe. Sikukwambia wewe, Pak, na nilikuwa nyuma ya ukuta huu siku ile. Nilikuwa na sauti. Mwanangu ndiye hakuwa nayo."

Tulitoka jikoni mmoja mmoja, mikono imeloa. Mkutano ule uliendelea mpaka chai ikapoa. Ulikuwa mkutano mbaya kuutazama. Watu waligombana kuhusu mfereji, wakarushiana lawama za zamani, mmoja akatoka kwa hasira kisha akarudi kufuata viatu, akakaa tena. Mtu mmoja alisema wazi hataki daraja, anataka kisima, na akaeleza kwa nini, na tukamsikiliza. Mwishoni daraja lilipata wengi, na waliolikataa tulijua ni nani na wana sababu gani. Dua ikasomwa baada ya hapo.

Daraja la zege lipo sasa, linavukwa na pikipiki. Rumini hulivuka kila siku ya soko na kapu lake la tempe. Barabara kuu hapiti. Akiwa na safari ya mjini huzungukia matutani ili asipite chini ya lango, na madereva wamezoea kumchukulia mbele huko. Mtoto mwingine hajaja. Watu wameacha tena kuwauliza.

Giyanto naye amekuwa msemaji. Hakuna mkutano asiosimama. Huongea hata kwa yasiyomhusu, rangi ya viti, zamu za ulinzi, bei ya maboksi ya vitafunio, na wageni wasiomjua huguna wakimwona anainuka tena. Sisi hatumkatizi. Ila Rumini ameniambia kwamba akifika nyumbani huketi barazani akaifunga soya kwenye majani, na hasemi neno, si kwa mkewe wala kwa njiwa.

Funzo

Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Nimemtafuta sana ili nimlaumu, sikumpata. Pak Lurah aliuliza. Karani alipeleka alichosikia. Tukiran alitania. Giyanto alikuwa na adabu, Rumini alimtii mumewe, na kila mwanamume mkekani alimheshimu mwenzake. Watu wema tupu walikaa pamoja wakaamua jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyelitaka, na mtoto akalipa.

Kwa hiyo nawaambia wazi. Kijiji hakiendeshwi na watu wengi kwa sababu tu watu wengi wameketi mkekani. Kinaendeshwa na wengi pale kila mmoja anaposema lake na kusikia la mwenzake. Ukiwa na neno, litoe pale linapoamuliwa, kabla ya dua, si kesho yake kwenye kahawa. Usimsubiri mwenzako, maana naye anakusubiri wewe. Usiizunguke haja yako mpaka anayekusikiliza asiione. Nanyi wakuu, mkiuliza mkajibiwa kwa ukimya, msiufanye ukimya kuwa kura. Ulizeni tena, mmoja mmoja, na mfungue mlango wa jikoni mkauliza na huko.

Kumheshimu mkubwa ni kumwambia mto umejaa kabla hajaukanyaga. Atakayekasirika atapoa. Yule mtoto aliyelazwa chini ya lango letu angekuwa anaanza shule mwaka huu, na angevuka kwa miguu yake.